Kaa wa Jirani Ndani ya Bruda ya Vifaranga

Jirani yangu alikuwa na mimba ya miezi saba siku aliponiletea kaa wawili ndani ya beseni la plastiki. Alikuwa anakwenda kwao Tanga kujifungua. Kwao mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama, na binti harudi kwa mumewe mpaka arobaini iishe. Lori la mume wake lilikuwa barabarani linaunguruma, na yeye alikuwa mlangoni kwangu, ameshika beseni juu ya tumbo.

"Dada, nimekuchagua wewe kwa sababu unafuga," akasema.

"Nafuga vifaranga, mdogo wangu. Hawa hata manyoya hawana."

"Kufuga ni kufuga."

Mpaka leo sijui kama ni kweli, lakini sikubishana naye. Hapa Makambako hana ndugu. Mumewe akipakia mzigo wa Tunduma anakaa wiki mbili njiani, na kaa hawa alikuja nao tangu harusi yake. Aliniambia akiwasikia wanakwaruza beseni anajua hayuko peke yake ndani ya nyumba. Akasema, "Nirudi niwakute, dada." Nikamjibu, "Utawakuta." Nilijibu haraka mno. Mtu aliyeishia darasa la saba, ambaye bahari ameiona mara moja kwenye safari ya kwaya, hakupaswa kuahidi hivyo.

Nieleze ni kaa wa namna gani, kwa maana mimi mwenyewe nilidhani ni wale wa kuchemsha. Hawa mbele wana magando na miguu kama kaa yeyote, ila nyuma yao ni laini, haina kinga yoyote, na imejikunja upande kama kidole cha mtoto mchanga. Kwa hiyo huokota kombe la konokono wa bahari aliyekwisha kufa, huingiza nyuma yao humo, na hulibeba kombe hilo kila waendako. Ukiwashtua hurudi ndani na kufunga mlango kwa gando kubwa. Mkubwa alikuwa kadiri ya ndimu, rangi ya matofali yaliyoungua, na alikosa mguu mmoja wa kulia. Jirani aliniambia ulibanwa na mlango wa kabati. Mdogo alikuwa kadiri ya zambarau ukiongeza kidogo. Basi.

Maelekezo niliyopewa ni haya: mchanga, nazi kidogo, maji ya mvua na siyo ya bomba, na kijiko cha maji ya bahari kutoka kwenye chupa aliyoniachia. Hakuniambia kuhusu kujizika mchangani. Simlaumu. Nilikuja kujua kwamba naye alikuwa hajawahi kuliona jambo hilo.

Ulikuwa mwezi wa sita. Anayekaa Makambako anajua upepo wa mwezi wa sita. Nikawaza, kiumbe wa pwani atakufa kwa baridi hii, na nikafanya ninachokijua: nikawaweka kwenye bruda moja iliyokuwa tupu. Bruda yangu ni duara la bati lenye maranda chini, na katikati chungu chenye mkaa uliozibwa majivu. Vifaranga hukizunguka wakalala kama wamelewa. Nikatoa maranda, nikamwaga mchanga wa ujenzi, nikawasha mkaa. Nilijiona mwerevu sana.

Siku ya tatu kaa hawakutembea. Mkubwa alining'iniza miguu nje ya kombe kama nguo kwenye kamba. Mume wangu, ambaye ni fundi baiskeli na haachi kunitania, akainama akatazama.

"Unafuga au unakausha dagaa?"

"Wanasikia baridi."

"Mama, huu mchanga ungefaa kuchomea karanga. Kwao pwani kukavu hivi?"

Alikuwa amesema kweli, na naandika hapa kwamba alisema yeye, si mimi. Nilipiga simu Tanga nikauliza kwa kuzungukazunguka, kama mtu anayeuliza hali ya hewa. Jirani akaniambia kaa huyu anapumua kwa unyevu. Akikauka anakosa pumzi hata kama hewa imejaa. Nikaondoa chungu ndani, nikakiweka nje ya bati upande mmoja tu, nikanyunyiza maji ya mvua hadi mchanga ukashikana mkononi, nikafunika juu kwa nailoni na kitambaa kilicholowa. Jioni ileile walitembea. Nikacheka peke yangu kama kichaa.

Wiki ya tatu mkubwa akaanza visa. Akaacha nazi. Akaacha hata parachichi, ambalo alikuwa amelipenda kuliko sisi tunaolilima. Akawa anakaa kwenye kisahani cha maji akinywa kama ng'ombe aliyetoka mbali. Rangi yake ikafifia, macho yakawa kama kioo chenye mvuke, na pale palipokosa mguu pakaota kijinundu cheupe, laini, kama tone la uji wa wanga. Haya yote niliyaandika kwenye daftari ninaloandikia chanjo za vifaranga. Sikuyaelewa. Kisha asubuhi moja akachimba kona ya bruda, akatoweka.

Sisi watu wa huku tukiona kitu kimejifukia tunakifikiria kama kiazi: kipo, kinakua, kiache. Hilo lingenisaidia, kama ningelifikiria. Lakini mimi ni mfugaji wa kuku, na kuku anayejitenga kwenye kona, kesho yake humkuti hai. Nikavumilia wiki moja, mbili, nne. Kila asubuhi nilipiga magoti kunusa mchanga kama unanuka mzoga. Mume wangu akasema nimeanza ibada mpya.

Mchanga wangu ulikuwa wa vidole vinne tu kwenda chini. Sasa najua ni mfupi, kaa anataka nafasi ya kuzama kabisa. Wiki ya tano nikaona gando limechomoza juu ya mchanga, limetulia. Nikaligusa. Halikujikunja. Nikalivuta.

Likaja lote. Gando, miguu, hata vipembe vya kichwani, vimeshikana, vyepesi, bila kombe. Nilikaa chini kwenye maranda ya vifaranga nikiwa nimeshika mkononi kaa wa mtu.

Nikatafuta kiberiti kikubwa nikamlaza ndani juu ya pamba. Sikumzika. Nilisema mwenye mali atakaporudi lazima aone kilichobaki, asije akadhani nimemuuza au paka amemla. Mume wangu akarudi akanikuta nimeweka kiberiti mezani, natazama.

"Usimwambie," akasema. "Mwezi wake huu. Mwenye tumbo la miezi tisa haambiwi habari ya kifo, hata cha kuku."

"Nisipomwambia nitakuwa nimedanganya."

"Utadanganya wiki tatu tu."

Nikiri kwamba neno lake lilinipendeza, na ndiyo maana nililiogopa. Kesho yake nikapiga, nikijiambia nitasikia kwanza sauti yake ikoje. Akapokea mama yake. Binti alikuwa anaoga.

Nilimwamkia, nikamweleza yote, tangu chungu cha mkaa hadi kiberiti. Sikuacha kitu. Kisha akauliza:

"Huyo uliyemweka kwenye kiberiti, ana uzito?"

"Hana, mama. Mwepesi kama ganda la karanga."

"Mbonyeze. Ana nyama?"

Nikabonyeza. Kidole kikaingia. Ndani hamna kitu, patupu.

Yule mama akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, umeweka shati kwenye jeneza! Huyo amevua. Kaa hakui na ngozi yake, ngozi ile haivutiki. Anajifukia, anaivua yote, hata ya kucha na macho, anatoka laini kama maziwa ya mgando. Yupo hapohapo chini. Umemgusa?"

"Nimegusa ngozi tu."

"Basi irudishe! Anaila. Ndiyo inayomkomaza. Rudisha, halafu toa mikono yako humo."

"Nisimwangalie hata kidogo?"

"Wewe kuku wako akiatamia unamwinua kuangalia mayai?"

Ukweli ni kwamba huwa ninamwinua, lakini sikumwambia.

Nilirudisha ngozi pale nilipoitoa, nikafukia kidogo, nikaziba ile kona kwa kipande cha bati ili mdogo asimfuate akamdhuru mwenzake akiwa laini. Baada ya siku mbili nikasikia sauti. Ilikuwa kama mtu anatafuna bisi chumba cha pili. Nikamwita mume wangu kutoka kibandani kwake, akaja na spana mkononi, tukasikiliza wote wawili tumeinamisha vichwa juu ya bruda.

"Anakula suruali yake," mume wangu akanong'ona.

Siku hiyo jirani alijifungua mtoto wa kike. Nilipewa habari mchana, na sikujua nacheka kwa lipi.

Mkubwa alipotoka juu sikumtambua. Alikuwa mwekundu wa nyanya, miguu inang'aa, na mahali pa kile kijinundu palikuwa na mguu. Mguu mzima! Ulikuwa mwembamba na mweupe kuliko mingine, anautumia kwa uangalifu kama mtu mwenye kiatu kipya, lakini mguu.

Furaha hiyo ikaleta taabu yake. Alikuwa amekua, na kombe lilikuwa lilelile. Akijificha, gando lilibaki nje na mlango haufungi. Akaanza kumfuata mdogo na kumgongagonga kombe, ingawa kombe la mdogo lisingemtosha hata kwa kofia. Mama wa Tanga akaniambia kwa simu kwamba kaa aliyebanwa anaweza kutoka nje kabisa akakaa uchi, na akikaa uchi kwa baridi ya kwetu hamalizi wiki. "Mtafutie makombe, uyaweke hapo, achague mwenyewe. Usimvalishe."

Makombe, Makambako. Nilicheka kwa uchungu. Lakini mteja mmoja wa mume wangu alikuwa anakwenda Manda, ziwani, akaniletea mfuko mzima wa makombe ya konokono wa ziwa. Mazuri, ya mviringo, kadiri ileile. Nikayachemsha, nikayapanga matano kwenye mchanga kama muuza viatu mnadani.

Mkubwa akaja. Akalishika la kwanza, akalizungusha, akaingiza gando kupima ndani, akaingiza tena. Akaliacha. Akaenda la pili, vilevile. Yote matano. Kesho yake akarudia yote matano, akayaacha, akaenda kumgonga mdogo.

Nilidhani anaringa. Nilimsema, na nilikosea kumsema. Siku ya tatu nikachukua kombe la ziwa na kombe tupu la bahari ambalo jirani alikuwa ameliacha kwenye beseni, dogo sana lakini la aina yake, nikayashika yote mawili ncha juu, midomo ikinitazama. La bahari mdomo wake ulikuwa kulia. La ziwa, kushoto. Nikatazama la pili la ziwa: kushoto. La tatu: kushoto. Sikuyaamini macho yangu, maana mara nyingi huchanganya mkono upi ni upi, kwa hiyo nikampelekea mume wangu bila kumwambia kitu.

Akayageuza, akayazungusha mbele ya jicho kama anavyotazama skrubu.

"Hii ni pedeli ya kushoto," akasema.

"Nini?"

"Baiskeli ina pedeli mbili. Ya kulia inafungwa kwenda huku, ya kushoto inafungwa kinyume. Ukiipeleka ya kushoto upande wa kulia, zungusha mpaka jioni, haiingii. Kaa wako nyuma yake imejikunja wapi?"

Kulia. Niliiona kwenye ile ngozi. Mnyama hakuwa anaringa hata kidogo. Alikuwa anapima kwa uaminifu, na mimi nilikuwa nampa gambuti la kushoto kwa mguu wa kulia. Nilimwomba radhi kwa sauti. Mume wangu alisikia, na amekuwa akinikumbusha tangu hapo.

Kombe la bahari la kumtosha nililolijua mimi lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa Njombe, juu ya kabati la mama mkwe. Marehemu baba mkwe alilileta kutoka Tanga alikokwenda ujanani kukata mkonge. Mama huwekea humo vifungo na sindano. Nilijua siwezi kumwomba. Nikapanda gari asubuhi kwenda kumsalimia tu. Ndivyo nilivyojiambia.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Una shida gani?"

"Sina, mama."

"Umekuja katikati ya wiki, umeacha vifaranga. Sema."

Akanikaangia viazi, nikala nikitazama kabati. Mwishowe nikamweleza. Nilipofika kwenye pedeli ya kushoto akaacha kumenya maharage.

"Kwa hiyo unaomba nyumba ya kaa."

"Siombi, mama. Nimeeleza tu."

"Umeeleza huku unaitazama kama mgonjwa anayetazama chai." Akainuka, akalitoa kombe kabatini, akamwaga vifungo kwenye kikombe. Akalisugua kwa kitenge. "Baba yenu aliliokota limekaa tupu ufukweni. Alisema alilichukua kwa sababu lilionekana linasubiri mtu. Mimi nikamwambia ungeleta sukari." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nalitoa. Ila sikupi wewe ulibebe. Nakuja nalo mwenyewe. Nataka kumwona anavyohamia."

Nikaogopa zaidi. Je, kaa akilikataa mbele ya mama? Nikasema labda hatalipenda, labda ni zito, labda siku hizi hana njaa ya kombe. "Akilikataa narudi na vifungo vyangu," akasema. Tukapanda gari pamoja, kombe limefungwa kwenye pindo la kitenge chake.

Tulilichemsha, likapoa, akaliweka mchangani kwa mkono wake. Mume wangu akafunga kibanda mapema. Tukaketi watatu kuzunguka bruda, mchana kweupe, kama watu wanaosubiri matangazo. Mkubwa hakujongea. Nusu saa. Saa nzima. Mama akasema kaa huyu ana tabia ya wanaume wa ukoo wao, mume wangu akajifanya hakusikia. Mimi nikaenda kuepua chai.

Kwa hiyo mwanzo sikuuona. Naandika alivyosimulia mama: kwamba alitoka kwenye maji moja kwa moja, akalishika kombe kwa miguu yote, akaingiza gando, akalizungusha mdomo ukamwelekea. Akatulia. Mama anasema alikuwa kama mtu anayesoma kibao cha mlango. Hapo nikasikia "Njoo! Njoo!" nikatupa kitambaa, nikafika wakati anajichomoa. Niliiona nyuma yake ya waridi, laini, imejikunja kulia kweli, ikipita hewani. Ilichukua muda wa kupepesa jicho mara mbili. Akaingia. Akajitikisa. Akarudi ndani kabisa, na gando likafunga mlango bila kuacha ufa.

Mama akapiga kigelegele. Vifaranga wa bruda ya pili wakatawanyika.

Tulikuwa bado tumeshikana mikono pale mume wangu aliposema, "Tazameni huyu." Mdogo alikuwa amekwishafika kwenye kombe lililoachwa. Hakupima sana. Lilikuwa kubwa kwake, lakini aliingia, akaliburuta hatua tatu, akapumzika, akaliburuta tena. Hilo nililiona lote, mwanzo mpaka mwisho, kwa macho yangu.

Jirani alirudi baada ya arobaini, mtoto mgongoni, na mama yake amewasindikiza. Nilikuwa nimekariri maneno ya kukiri, lakini hakunipa nafasi. Aliinama kwenye bruda kabla hata ya kukaa, akatazama. Kisha akaniangalia kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia.

"Dada, hawa si wangu."

Akamnyooshea kidole mkubwa.

"Wangu alikuwa na rangi ya tofali. Kombe lake hili kalivaa huyu mdogo. Na wangu ana mguu pungufu, huyu anayo yote." Akanigeukia. "Kama walikufa ungeniambia. Ningeelewa. Kwa nini ulinunua wengine?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mimi mwenyewe ningedhani hivyo. Kila alichomjulia kaa wake kilikuwa kimebadilika mikononi mwangu, na ngozi ya ushahidi ililiwa. Nilikuwa na daftari tu. Nikamfungulia ukurasa wa kijinundu cheupe, na maandishi yangu mabovu, na picha niliyochora inayofanana na buibui mwenye mfuko. Mama yake akavaa miwani, akasoma polepole, akainama, akamnyanyua mkubwa kwa kombe.

"Njoo uone mguu huu wa nyuma ya gando," akamwambia binti yake. "Mwembamba, mweupe. Huu wa juzi. Na ni upande uleule. Huyu ni wako, sema amevaa nguo mpya." Akaligeuza kombe, akalisugua kwa dole gumba. "Na hili ni la kwetu. Mmelipata wapi huku milimani?"

Jirani akakaa chini kando ya bruda, akalia na kucheka kwa pamoja, mtoto akaamka akalia kwa upande wake. Nikatumia nafasi hiyo kukiri kuhusu chungu cha mkaa na kuhusu kuvuta gando. Sina hakika kama alisikia. Nilirudia baadaye kwenye chai, ili nisiwe nimejificha nyuma ya kilio cha mtoto. Akasema, "Dada, nilikuachia kaa mwenye kilema, umenirudishia mzima. Unaomba msamaha wa nini?"

Alipokuwa anaondoka na bruda nzima, maana nilimwambia aichukue ilivyo, akasimama mlangoni, palepale aliposimama na beseni.

"Yale uliyoandika, niandikie na mimi. Akijifukia tena nitajuaje la kufanya?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniomba maandishi yangu. Nikasema yana makosa, nikasema mwandiko mbaya, nikasema mama yake anajua zaidi. Akasubiri mpaka nikaishiwa. Jioni nikachukua karatasi safi nikaanza kunakili. La kwanza: Mchanga uwe mrefu kuliko yeye mara tatu, nao uwe na unyevu. La pili: Akijizika, usimguse.

La tatu sikutaka kuliandika, lakini bila hilo karatasi ingekuwa na uongo: Mimi nilimgusa.